Magurudumu Yaliyobaki Kasenga

Safari yetu ya Kasenga ilikuwa ya kuomba mke. Mwoaji ni Trésor, mtoto wa marehemu mdogo wangu, kijana anayetengeneza redio na simu katikati ya mji wa Lubumbashi. Msichana anaitwa Mwape. Amelelewa Kasenga na mjomba wake, na kwa watu wa Luapula mjomba ndiye mwenye neno. Wao humwita Bayama, na sisi tukamwita hivyo hivyo kwa heshima. Bayama alikuwa ametupigia simu na kusema maneno machache: njooni Jumamosi, na kama hamfiki tena, basi msijisumbue siku nyingine.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa maana tulikuwa tumeshindwa kufika mara mbili. Mara ya kwanza lori lilizama kwenye tope likaziba njia nzima, na hilo hakuna wa kulaumiwa. Mara ya pili tulizuiwa na taa.

Hapa inanibidi nimweleze ndugu yangu Norbert. Mimi ndiye dada mkubwa, yeye ananifuata na huniita Yaya. Baba yetu alifanya kazi ya reli, na Norbert naye akastaafu kwenye reli hiyo hiyo, upande wa signali. Nyumba yetu ililelewa na signali. Chakula kikiwa tayari, mama alitundika kitambaa cha kijani kwenye kamba ya nguo. Akiwa na hasira alitundika chekundu, na baba mwenyewe, na njaa yake yote, alisimama nje mpaka kitambaa kitolewe. Kwa Norbert, signali haina mjadala. Macho yako yanaweza kukudanganya, signali haiwezi.

Sasa mtu wa namna hiyo alijinunulia gari lililotumika, kutoka Dubai, lenye taa ya njano mbele ya usukani. Taa hiyo imechorwa kama sufuria iliyopasuliwa katikati, na ndani yake alama ya mshangao. Ni taa ya upepo wa magurudumu. Mara ile ya pili tuliondoka asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi ikiuma masikio, na kabla hatujauacha mji taa ikawaka. Norbert akapunguza mwendo, akasimama, akageuza. Tulipofika nyumbani Kasungami jua lilikuwa limepanda na taa ilikuwa imezimika yenyewe. Kasenga, Bayama alikuwa amevaa koti lake na kukaa nalo uani mpaka jioni, na wazee aliowaalika, akitungoja.

Jumamosi, alfajiri, Kasungami. Majirani walikuwa wanatoka na majembe kwenda mashambani, na sisi tunapakia: blanketi, kostimu ya Bayama, viatu vyake, gunia la sukari, chumvi, jembe jipya, taa ya kandili. Norbert akakaa kwenye usukani kama mtu anayekaa kanisani. Akazungusha ufunguo. Taa zote zikawaka pamoja, kama kawaida ya gari linapojikagua, halafu zikazimika moja moja. Ya njano nayo ikazimika.

"Voie libre," akasema Norbert, yaani njia iko wazi.

Trésor, aliyekaa nyuma, alishusha pumzi ndefu kuliko ile niliyoitegemea. Nilidhani ni mapenzi.

Tulivuka mji mapema, kabla teksi na mabasi madogo hayajaanza kutukanana, tukashika barabara ya Kasenga. Lami ilikwenda nasi vizuri, kisha ikachoka, na vumbi jekundu likachukua zamu. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nayarudia moyoni maneno ambayo mimi, shangazi wa mwoaji, ningeyasema mbele ya Bayama, na nilikuwa nimefika mahali pazuri sana pa hotuba niliposikia gari linaniinamia.

"Norbert, motokari iko inalala huku kwangu."

"Yaya, lampe haiwake."

"Miye sisemi lampe. Minasema motokari."

"Kama pneu iko na mambo, lampe itasema. Njo kazi yake."

Tukaendelea. Gari likaanza kuchechemea. Mtu wa baiskeli aliyebeba magunia ya makaa akatufikia, akatupita, akageuza shingo.

"Papa! Pneu ya nyuma ilishakufa!"

Norbert akatoa kichwa dirishani kwa adabu zote. "Merci, papa, lakini signal iko clair, haijakataza!"

Yule mtu akatutazama kwa huruma, akakanyaga pedali akaenda zake. Muda mfupi baadaye tukasikia chuma kinasaga mawe, na hapo hata signali haikuweza kumsaidia mtu. Norbert akasimama. Akashuka, akaangalia tairi la nyuma lililolala chini ya rimu. Akarudi kuangalia ndani kwenye usukani, akaenda tena kwenye tairi.

"Labda inaonekana tu vile," akasema.

Kando ya njia, kabla ya njia panda ya Kasomeno. Gurudumu la akiba lilikuwa chini kabisa, chini ya zawadi zote, kwa hiyo tukashusha mahari nzima kwenye nyasi. Nilipoinua blanketi nikaona bomba la plastiki, nene, limezibwa huku na huku kwa gundi, na kwenye kizibo kimoja kuna valvu ya baiskeli. Nikalitikisa. Ndani vitu viligongana ko, ko, ko.

"Trésor, hii njo nini?"

Kijana alibadilika rangi. Akamtazama baba yake mkubwa, ambaye alikuwa amepiga magoti anazungusha jeki, akanivuta mkono mpaka nyuma ya kichuguu.

"Tantine, usilalamike kwa nguvu. Njo mapneu."

"Mapneu gani?"

"Zetu."

Nitawaeleza kama alivyonieleza, maana na ninyi mnayo magari ya Dubai. Ndani ya kila gurudumu, pale valvu inapoingilia rimu, mnakaa kidude kidogo, karibu sawa na kiberiti. Kina betri yake humo humo, haibadilishwi. Ikifa, unatupa chote. Kidude kinapima upepo ulivyobana na ulivyo na joto, kisha kinatangaza kwa redio isiyofika mbali: mimi fulani, upepo wangu ni kiasi hiki. Kila kimoja kina namba yake, na gari limefundishwa namba nne tu. Kidude cha gari la jirani kikipiga kelele, gari lako halikijali. Upepo ukishuka mno chini ya kiasi kilichowekwa, taa inawaka. Sauti moja ikipotea, taa inapepesa kwanza halafu inawaka moja kwa moja. Na kwa kuwa upepo hunywea kwenye baridi na hutanuka kwenye joto, asubuhi ya mwezi wa sita gari zima linaweza kulalamika, na jua likitoka likanyamaza. Ndicho kilichotupata.

"Motokari haijue pneu, Tantine," akasema Trésor. "Haina macho. Inajua masauti ine tu. Kama ile masauti inasema tuko bien, motokari inaitika bien."

Basi kijana, kwa kuogopa kumkosa Mwape kwa sababu ya asubuhi moja ya baridi, alikuwa amevitoa vidude vyote vinne kwenye magurudumu. Akaweka valvu za kawaida. Vidude akavitia kwenye bomba, akaliziba, akalijaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka kipimo kile gari linachotaka, akalificha kwenye buti. Gari letu lilikuwa linakwenda Kasenga likiamini kwamba magurudumu yake yote manne yamelala kwa raha kati ya blanketi na gunia la sukari. Tairi likapasuka kwa jiwe, bomba halikupasuka, na taa ikasema ukweli wa bomba.

Nilitaka kumpiga kibao. Badala yake nikaanza kucheka, na nilipocheka nikajua nimeshakuwa upande wake.

"Papa Norbert akijua, hataendesha tena," akanong'ona. "Anarudi Kasungami kwa miguu. Na Bayama njo basi."

Niliona kweli. Nikatoa kwenye mkoba kitenge changu kipya, cha kijani, nikaliviringisha bomba vizuri, nikalirudisha katikati ya vitu vingine. Norbert akaja anapangusa mikono.

"Bintu byote biko?"

"Biko," nikasema, na tukaondoka.

Kasenga, mchana. Harufu ya samaki wa moshi ilitupokea kabla ya watu. Mto Luapula ulikuwa umejaa mwanga, mitumbwi imevutwa ukingoni, na ng'ambo ile watu wa Zambia wanafua nguo zao bila habari na sisi. Bayama alikuwa amevaa lile koti. Ni mtu mfupi, mfanyabiashara wa samaki, mwenye sauti ya chini inayomlazimu kila mtu kunyamaza.

"Mwaiseni, mukwai," akatukaribisha kwa lugha yao. "Leo mulifika."

Neno "leo" lilituingia sote.

Kwao mgeni wa heshima hagusi mzigo wake. Kabla sijaweka mguu chini, wasichana wa nyumba walikuwa wamefungua buti na wanabeba. Nilimwona mmoja amekumbatia kitenge changu kifuani, nikafungua mdomo, nikaufunga. Vitu vyote vikapangwa kwenye mkeka uani, mbele ya wazee. Na kinachofika kwenye mkeka ule hakirudi; ukichukua kimoja, umechukua maneno yote uliyosema. Hilo hata sisi wa mjini tunalijua.

Norbert alisema maneno ya kufungua, akasema vizuri. Bayama akashika kimoja kimoja. Kostimu, akaipima begani. Viatu, akavipiga nyayo. Jembe, akalijaribu kwa ukucha. Kisha akachukua kitenge, akakifungua, akatoa bomba. Akalitikisa. Ko, ko, ko.

"Na hii njo nini?"

Norbert alilitazama lile bomba kama mtu aliyekutana na treni isiyo kwenye ratiba. Trésor alikuwa anachunguza vidole vyake vya miguu. Nikasimama, na sijui hata leo maneno yalitoka wapi.

"Bayama, mukwai. Hii njo upepo ya motokari yetu. Tunaiacha kwenu. Kama iko hapa, motokari haiwezi kusahau njia ya kwenu."

Wazee wakaguna. Bayama hakuguna. Aliliweka bomba kwenye mapaja yake akalishika kwa mikono miwili.

"Mama, nitakuambia. Ule dada mukubwa wa Mwape alienda kuolewa Lubumbashi na bantu kama mweye hivi. Bantu bazuri. Motokari yao niliona siku ya kuya kumutwaa. Siku ya kumurudisha tusalimiane, sijaona mpaka leo. Tunamusikia mu telefone tu." Sauti yake ilishuka zaidi. "Miye sikatale. Nitawaza. Nitapiga simu."

Kwetu sote tunajua maana ya "nitapiga simu." Tulikula bukari, ugali wetu, na samaki wabichi, watamu kweli, na Trésor alichambua miiba tu. Mwape alipita na maji ya kunawa, akamimina mikononi mwa Trésor muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Bomba liliingizwa ndani, likawekwa juu ya kabati ya sebuleni, karibu na dirisha. Nilimwonea huruma yule kijana.

Alasiri, kutoka Kasenga. Tuliaga, tukaingia garini. Tulikuwa tumefika nyumba za mwisho za mji taa ya njano ilipoanza kupepesa. Norbert hakuwahi kuiona ikipepesa. Ilipepesa, ikapepesa, halafu ikatulia ikawaka. Akasimama.

"Signal haieleweke," akasema. "Tunarudi pale ilikuwa bien mara ya mwisho. Njo règlement, kanuni ya reli."

"Papa Norbert, tafazali, tuendelee tu," akasema Trésor kwa sauti iliyopasuka.

"Na lampe jaune, hii ya njano? Hapana."

Tukarudi. Tukaingia uani kwa Bayama, tukasimama chini ya dirisha la sebule. Tukangoja kidogo. Taa ikazimika.

Bayama akatoka, kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. "Mulisahau kintu?"

"Hapana, Bayama," akasema Norbert, mtu asiyejua kudanganya. "Motokari inakatala kutoka kwenu. Tukienda, lampe inawaka. Tukirudi, inazimika."

Bayama akatoa kijiti mdomoni. Akafungua mlango wa mbele, nikasogea nyuma, akakaa. "Twende nione."

Tulikwenda mpaka zile nyumba za mwisho. Tulisubiri. Ikapepesa, ikawaka. Tukarudi uani, ikazimika. Bayama akaamuru twende upande wa mto, labda ni barabara tu. Ukingoni, kati ya wauza samaki, ikawaka. Tukarudi, ikazimika. Wazee wakataka nao waonyeshwe, wakapakiana nyuma na fimbo zao, tukaenda tena. Majirani walitoka na viti. Kila gari lilipoingia uani na Norbert kutangaza "Clair!", walipiga makofi, na mama mmoja alipiga vigelegele. Mimi sikupiga makofi, kwa maana nilijua mchezo huu una mwisho.

Trésor ndiye aliyeumaliza. Alishuka, akapiga magoti mbele ya Bayama, mbele ya watu wote, akasema yote: baridi, woga wake, vidude, bomba, valvu, na kwamba mimi sikukusudia kulileta kwenye mkeka, nililificha tu. Hakubakisha kitu. Nikasema moyoni, basi, ndoa imekwisha, na nikatafuta mahali pa kuficha uso.

Bayama aliingia ndani. Akatoka na bomba mkononi.

"Upepo ikiisha humu?"

"Lampe itawaka, Bayama," akajibu Trésor. "Hata hapa uani itawaka."

"Na nani ataipompa?"

"Weye, Bayama. Pompe ya baiskeli inatosha. Na betri zikikufa siku moja, nitakuya kuweka bidude bipya. Miye mwenyewe."

"Utakuya."

"Nitakuya na Mwape."

Bayama akakaa kwenye kiti cha jirani mmoja aliyesimama kwa msisimko. "Motokari ya bale bengine," akasema polepole, "ilitoka hapa haikuuliza ata mara moja. Yenu inauliza. Hata kama ni kwa bujinga ya huyu mutoto, inauliza." Akalipakata bomba. "Mwape ataenda. Lakini hii inabakia."

Mwape alikuwa mlangoni. Alifunika uso kwa mikono miwili akarudi ndani mbio, na mle ndani tukasikia sahani zinaanguka.

Furaha ikachukua kila mtu ila Norbert. Alikuwa amekaa kwenye usukani, mikono juu ya magoti.

"Yaya," akaniambia, "mulinizimia signal. Nilitembea njia yote bila signal, na minasema clair, clair."

Aliniumiza. Nikakaa kando yake, nikamshika bega. Hakuweza kuondoka na taa ya njano, na bomba haliwezi kuondoka Kasenga. Nikamwuliza, kwenye reli mlifanyaje signali ikifa? Hamkulala njiani siku zote.

Alifikiri. "Marche à vue. Unaenda polepole, unaangalia na macho yako. Lakini lazima chef de gare, mukubwa wa stesheni, atoe ordre."

"Na hapa chef de gare ni nani?"

Akaninyoshea kidole. "Weye njo mukubwa."

Ndivyo nilivyopandishwa cheo Kasenga, mbele ya watu. Nilichukua kitenge changu cha kijani, ambacho Bayama alinirudishia mwenyewe kwa kuwa alitaka kuliona bomba lake bila nguo, nikatembea mbele ya gari nikikipunga, mama mzima wa parokia, na Norbert nyuma yangu kwa mwendo wa maziko, mpaka tukatoka mjini. Hapo nikapanda. Taa ikapepesa, ikawaka. Norbert akameza mate akaongeza gia.

Njiani kurudi tulisimama katika kila kijiji kikubwa. Nilishuka, nikabonyeza kila tairi kwa kiganja, nikaliangalia lilivyokaa chini.

"Pneu?" Norbert aliita.

"Iko!"

"Ingine?"

"Iko!"

Lubumbashi tuliingia jioni, taa ikituwakia usoni, magurudumu yakiwa mazima yote. Norbert alizima gari, akasema kwamba marche à vue inachosha macho, lakini mtu anaona miti.

Nilichojifunza ni kwamba ile taa haioni kitu, inasikia tu. Inasikia sauti nne, na pale sauti zilipo, gari husema hapo ndipo nilipo na miguu yangu. Kwa hiyo mimi hubonyeza matairi kila asubuhi kabla ya kwenda popote, na kwa kuwa kiganja nacho hukosea, Trésor ameninunulia kipimo cha upepo, nakitembeza mkobani pamoja na mkasi na tepu ya kupimia nguo. Kasenga, Bayama hupiga pampu kila Jumapili baada ya misa. Siku moja alichelewa, akapiga simu kuomba radhi kwa gari.

Mwape alikuja kwetu Kasungami mvua za kwanza zilipoanza. Jumapili yake ya kwanza, tukienda kanisani, tulimkalisha mbele kwa heshima ya bibi harusi. Norbert akawasha gari. Taa zikazimika zote isipokuwa ile moja. Ikapepesa, ikatulia.

"Tantine, hii lampe haizimakake?" akauliza Mwape.

"Inazimaka," nikamwambia. "Kwenu tu."

Norbert, ambaye zamani angesimama, akaingiza gia tukaondoka. Mwape aliweka kidole juu ya ile taa ya njano, akakiacha pale mpaka tukafika kanisani.